Okarina ya Sauti Nzito

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mwanangu Kibiriti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mama yako mdogo. Hujambo? Mume wako hajambo? Mwili umeanza kupata nguvu? Hilo la mwili nakuuliza kwa makusudi, na naomba unijibu kweli, si kama wagonjwa wa kwetu hospitalini wanavyomjibu daktari wakitaka kuruhusiwa warudi makwao.

Mimi ni mzima. Bado niko kwenye kufua na kupiga pasi mashuka ya wodini. Mgongo unalalamika na miguu inavimba jioni, ila bado shuka halijanishinda. Ile mashine kubwa ya kukaushia imekufa tena, kwa hiyo tunaanika nje, na wingu likitanda tunakimbia wote, hata msimamizi na kitambi chake.

Barua yako niliipata. Imekaa kwangu wiki saba bila jibu, na nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nisamehe, mwanangu. Sikunyamaza kwa kutojali. Jambo lenyewe halikuwa langu kulisema, na mwenye nalo aliniomba nimwachie aseme kwa mkono wake. Juzi amesalimu amri. Kaniambia, "Andika wewe, mdogo wangu. Mimi kila nikianza nachana." Basi naandika, na yeye yuko upande wa pili wa meza anamenya viazi, macho kwenye kalamu yangu.

Uliniandikia hivi: "Nilimpigia mama nalia, nikamwambia mimba imetoka, akanijibu amefurahi sana, Mungu ni mwema, nikakata simu. Mamdogo, nimemkosea nini?"

Hukumkosea kitu. Mama yako hakukusikia. Mama yako hasikii, mwanangu.

Nilitaka hilo liwe neno la kwanza kwenye karatasi hii, kabla hata ya salamu, lakini mkono ulikataa. Sasa nimeshaliandika. Vuta kiti ukae, nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, maana hata mimi ninayelala naye nyumba moja sikujua. Nilijua kwa sababu ya okarina.

Okarina ni filimbi ya udongo yenye tumbo, umbo lake kama kiazi kitamu, ina matundu ya kuziba kwa vidole na mdomo pembeni wa kupulizia. Kwenye kiwanda cha nguo alikokuwa mama yako kulikuwa na mwanamke wa mtambo wa jirani aliyekuwa anaipuliza wakati wa chai, amekaa juu ya marobota ya pamba uani. Mama yako alikuwa anaitamani tangu enzi hizo. Ulipotuletea habari kwamba una mimba, siku ya pili yake tu akaniambia, "Nataka kujifunza kile kitu. Nimbembelezee mjukuu. Kwa koo hili nikimwimbia, atadhani nyumba inabomoka."

Unalijua koo lake. Miaka thelathini na moja ya kupiga kelele juu ya mitambo ya kufuma ililimaliza.

Nikaona nimfanyie mshangao. Siku ya mapumziko yangu nilikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki, lile lililo ghorofani, juu ya duka la rangi. Mwenye duka ni fundi wa vinanda, mtu mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi. Nikamwambia nataka okarina ya mtu ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi ya mpira. Akanipangia kama kumi kwenye kitambaa.

Akanifundisha vizuri, siwezi kumlaumu. Aliniambia nisiguse zile zilizochorwa maua, hizo ni za kupamba kabati. Nisichukue zenye matumbo mawili au matatu, mwanafunzi atakata tamaa wiki ya kwanza. Nisichukue ndogo sana, sauti yake ni kali na inachosha masikio. Anayeanza, alisema, apewe ya tumbo moja, sauti ya katikati, ya plastiki, maana lazima ataiangusha. Na kabla ya kulipa, kila tundu lijaribiwe, isije ikawa noti moja inakoroma.

Mimi nikajifanya najua zaidi. Nilikuwa na mawazo ya kile kidole chake cha pete cha mkono wa kulia, ambacho mtambo ulikula ncha. Ile ya katikati matundu yake yameachana sana, nikaona hatayafikia. Nikachukua ndogo, ya bluu, matundu yake ni madogo na yamekaribiana, sauti yake kama ndege. Nikasema mtoto mchanga atapenda sauti kama hii. Fundi akakuna kidevu, akanifungia.

Mama yako aliifurahia, usiniulize. Aliifuta kwa kanga yake mara tatu wakati ilikuwa mpya. Akaketi kitandani, akaziba matundu yote, akapuliza. Ikatoka sauti. Akacheka. Akafungua kidole kimoja, kingine, kingine, akipanda juu. Halafu akasimama. Akaigeuza, akachungulia kwenye matundu, akaigonga kwenye kiganja kama mtu anayetoa mchanga kwenye kiatu.

"Wamekuibia," akasema. "Hii mbovu. Huku juu haina kitu."

"Haina kitu vipi?"

Akapuliza tena zile za juu, akinitazama kwa uhakika. Mwanangu, ilikuwa inalia mpaka nilishika masikio. Fundi viatu wa hapo chini alitoka nje kuangalia kuna nini. Na mama yako ananiangalia, anapuliza, anatikisa kichwa: "Unaona? Hamna."

Nilijifanya naenda jikoni kunywa maji, nikasimama nyuma yake, nikamwita. "Dada." Nikamwita tena kwa sauti ya kawaida, halafu kwa jina lake la utotoni ambalo analichukia. Hakugeuka. Alikuwa anaipangusa ile okarina.

Hapo ndipo mambo yote yalinirudia. Alivyokuwa anauliza ndege wa mtaa huu wamehamia wapi. Birika lilivyokuwa linapiga mluzi mpaka linaungua, mimi namsema amekuwa msahaulifu. Na wewe utakumbuka alivyokuwa anakufokea ukizungumza umempa mgongo: "Geuka, uongee na watu vizuri." Tulidhani anatufundisha adabu. Kiwandani hakuna anayemsikia mwenzake, wote wanasemeshana kwa midomo, na mama yako alirudi na ujuzi huo nyumbani, ukamficha mbele yetu miaka sijui mingapi. Nadhani ulimficha hata mbele yake mwenyewe.

Nilimpeleka kwa mtaalamu wa masikio. Alibisha, kisha akavaa nguo yake nzuri, akaenda. Akafungiwa ndani ya kichumba cha kioo, amefunikwa masikio, ananyoosha mkono kila akisikia mlio. Mimi niko nje naona. Mwanzoni mkono ulikuwa unapanda. Baadaye ukatulia juu ya goti, ukatulia muda mrefu, na usoni alikuwa anatabasamu kama mtu anayesubiri kuitwa. Sitaki kuliona tena tabasamu lile.

Mtaalamu akatuonyesha karatasi yenye mstari unaoporomoka. Sauti za juu zimekwisha, za chini zimebaki kidogo, nazo zinaondoka. Mashine za masikio zitamsaidia kwa mtu aliye mbele yake. Kwa simu, alisema, ni kama changarawe ndani ya kopo.

Alivyosema simu, mama yako alitazama sakafu.

Nilimuuliza njiani, tumesimama kivulini ili aone midomo yangu. "Sasa mwanao akipiga, unafanyaje?" Akajibu kwa aibu kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Simu zako zote zinapita njia moja, akasema. Kwanza hali, halafu kazi, halafu mume, halafu kama amekula. Anajua zamu ya kila jibu. Nzuri. Namshukuru Mungu. Nimefurahi. Nimekula. Akawa anafuata zamu, akisikiliza tu kwamba ni sauti yako.

Mimi wakati huo sikujua la mtoto. Wala yeye. Alikuwa anahesabu miezi kwenye kalenda ya ukutani na anashona vigauni. Alishangaa kwamba hupigi tena, akakupigia mara tatu, hukupokea. Akasema, "Mimba ya miezi saba hiyo, tumbo limemlemea. Mwacheni apumzike." Barua yako ilifika wiki ile ile tuliyotoka kwa mtaalamu.

Nilikaa nayo siku mbili. Ningesema nilikuwa natafuta maneno, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Jumamosi asubuhi nikamkuta kwenye cherehani, anapinda kigauni kwa uzi wa njano. Nikavuta kiti, nikakaa uso wangu uelekee dirishani, nikamshika magoti. Nikamwambia taratibu. Nikasema, mimba imetoka. Akanifanya nirudie mara mbili. Mara ya kwanza alidhani kasoma vibaya.

Halafu akauliza, "Lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akafika.

"Alinipigia siku hiyo."

"Ndiyo, dada."

"Nilimwambia nini?"

Nilitaka kudanganya, Kibiriti. Mungu ananiona. Lakini ananisoma midomo, na midomo yangu haijui kudanganya. Nikasema, "Ulimwambia umefurahi."

Akauliza, "Alikuwa analia?"

"Alikuwa analia."

"Mimi nilisikia anacheka," akasema.

Alimalizia ule upindo. Akakata uzi kwa meno, akakikunja kigauni mara nne, akakiweka juu ya meza, akakilainisha kwa mkono. Akaniuliza, "Wa kike au wa kiume?" Hukuwa umeandika, nikamwambia sijui. Akaenda bombani, akaanza kuosha masufuria yaliyokuwa safi. Hakusema neno siku tatu. Mashine za masikio alizopewa na mtaalamu alizivua, akaziweka kwenye kikombe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Utaniuliza kwa nini sikukutumia ujumbe kwenye simu. Nilijaribu. Niliandika "mama hakusikia," nikafuta, nikaona ni kama kukuambia mvua ilinyesha. Na yeye alikuwa kila siku anasema, kesho nitamwandikia. Nimeokota vipande vya karatasi chini ya kitanda chake, kila kimoja kina neno "Mwanangu" na alama ya mkato.

Baada ya wiki tatu alinikuta naanua nguo, akaniambia twende dukani kwa yule fundi. Nikamwambia, dada, kwa ajili ya nini tena? Akasema, "Mtoto yule wote mlimlilia. Bibi yake alishangilia. Nataka nimtolee sauti nyingine, hata kama nimechelewa."

Tukaenda.

Safari hii alichagua mwenyewe. Fundi, sijui nani alimwambia, maana mimi sikumwambia, alisogea dirishani akasimama kwenye mwanga, akawa anaongea naye kwa utulivu, bila kupaaza sauti. Mama yako akamwonyesha kile kidole kifupi. Akamweleza kwamba za juu hazisikii kabisa. Fundi hakusema pole. Alisema, "Basi tuanzie chini," akaondoa kwenye kitambaa zote ndogo na zote za katikati. Zikabaki tatu.

Moja ilikuwa na matundu kumi na mawili, kubwa, kidole kikashindwa. Ya pili ilikuwa imepasuka ikaunganishwa kwa gundi, akaikataa. Ya tatu ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa ina vumbi: ya udongo mtupu bila rangi, kubwa kama papai dogo, na ina matundu manne tu. Vidole viwili mkono huu, viwili mkono huu, kidole cha pete kikae kando kipumzike. Fundi akamwonya kwamba anayeanza hapewi hiyo, inakula pumzi nyingi na ikianguka ndiyo basi.

"Pumzi ninayo," mama yako akamjibu. "Nilikuwa nampigia kelele mtu wa mtambo wa kumi na nane, na mimi nipo wa kwanza."

Fundi akacheka. Mimi nikacheka. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Akaipuliza. Ni sauti nzito, mwanangu, kama mtu mzima anayeguna amelala. Akafunga macho. Akaishusha kidogo, akaegemeza tumbo la okarina hapa, kwenye mfupa wa kifua, akapuliza tena. Akatuambia, "Hii inanifikia," akaweka kiganja palepale kwenye kifua. Fundi akageuka akajifanya anapanga nyaya za gitaa.

Anajifunza kila siku alasiri. Fundi alimwambia apulize polepole kama anayepoza uji, akizidisha pumzi, sauti inapanda na kupotea njia. Ameshika wimbo mmoja, ule wa kukubembelezea wewe, wenye maneno ya kuku na mahindi. Fundi viatu wa chini ameanza kugonga nyundo taratibu saa hizo. Jana aliniambia, "Leo bibi kakosea mara mbili tu." 

Ningependa kukuandikia kwamba hali inaendelea vizuri, ila nimekuomba ukweli, nami nikupe. Mwezi uliopita sikio la kulia liliziba kabisa. La kushoto linafuata. Sasa anapuliza kwa kifua tu, na kuna wakati wimbo unakwenda kombo, unapinda njia kabisa, naye hajui. Siku ya kwanza nilimsahihisha. Aliiweka chini akaniangalia, basi tangu siku hiyo sijamsahihisha tena. Akimaliza ananiuliza kwa macho, nami naitikia kwa kichwa.

Sikuandikii haya ili ujilaumu kwa kukata simu. Ungefanya nini? Mtu yeyote angekata. Kama bado una hasira, njoo nayo, ataipokea. Lakini usipige. Simu yake ikiita anaiona inavyotetemeka mezani, anaikodolea macho, na mimi siwezi kumtazama. Mwandikie. Na ukipata ruhusa kazini, njoo. Ukija, kaa kwenye mwanga, usipaaze sauti maana midomo inapinda, na asipokuelewa usimwambie "basi, achana nayo." Hilo ndilo linalomuumiza kuliko mengine. Rudia tu.

Vigauni vipo, vitano. Sijui nikushauri nini juu yake. Yeye amesema wewe ndiye utakayeamua.

Kuhusu wengine, mjomba wako wa lori yupo safarini, alipita wiki iliyopita akaacha gunia la mkaa na vumbi. Shangazi yako wa dukani anakusalimu, ameacha kunisema kuhusu uzito wangu kwa kuwa wake umezidi. Binamu yako muuguzi anasema uhakikishe umepimwa damu, usiseme umepona kwa kuwa unatembea. Fundi viatu naye kaniambia nimtaje. Msalimie sana mume wako, mwambie tunajua na yeye amefiwa, ingawa watu huwa wanasahau kumpa pole baba.

Mungu akulaze salama, akuamshe salama, na akae karibu na wewe pale ambapo sisi hatufiki.

Ni mimi mama yako mdogo, ambaye hujatoka moyoni mwake hata siku moja.

Mama yako ameomba nafasi iliyobaki hapa chini. Nimempa kalamu, nami naenda kutazama viazi.

Mwanangu,

Mama yako mdogo ameandika sawasawa, ila sikunyamaza siku tatu, zilikuwa tano. Na kuna jambo hakulijua. Siku ile ulipopiga nilicheka pamoja na wewe. Nilisimama mlangoni nikacheka mpaka jirani akanipungia mkono.

Naomba uniambie upya. Alikuwa wa kike au wa kiume? Ulimwona? Nani alikuwa amekushika mkono? Mlimlaza wapi? Andika yote, hata marefu, hata kama utalia juu ya karatasi. Nimekaa hapa, sina haraka. Karatasi naisikia.

Mama